Uzito Si Utendaji: Kusoma na Kuripoti Interleukini-2 Rekombinanti ya Binadamu katika Utafiti wa Maabara

Ikisiri

Makala hii inafafanua jinsi protini za mawasiliano ya kinga ya mwili wa binadamu, ziitwazo saitokini, zinavyotengenezwa kwa njia ya kupandikiza jeni ili zitumike maabarani. Mfano mkuu ni interleukini-2. Hoja inayojengwa ni kwamba uzito ulioandikwa kwenye kichupa, na hata idadi ya vizio, havimwambii msomaji wa tasnifu ni nguvu gani ya kibiolojia iliyowekwa kwenye seli, iwapo mtafiti hakutaja chanzo cha protini, aina ya kizio na kiwango cha endotoksini. Makala inaonesha kwa hesabu kwamba upungufu huo unaweza kubadili aina ya seli zinazoitikia, na kwa hiyo kubadili hitimisho la utafiti.

1.0 Utangulizi

Kinga ya mwili wa binadamu haitegemei nguvu ya seli moja moja tu, bali hutegemea pia mawasiliano baina ya seli. Limfositi T inapokutana na kipande cha kijidudu inachokitambua, hutoa protini ndogo ambazo huzifikia seli jirani, hujishikiza kwenye vipokezi vilivyo juu ya utando wa seli hizo, na kuziamuru zigawanyike, zikomae, zishambulie au zitulie. Protini hizo huitwa kwa jumla saitokini. Interferoni ni saitokini, na interleukini pia.

Kwa mtafiti wa maabara, saitokini ni chombo cha kazi. Anayetaka kukuza limfositi T nje ya mwili huzipa interleukini-2. Anayetaka kugeuza monositi kuwa seli dendriti hutumia GM-CSF pamoja na interleukini-4. Anayepima mwitikio wa kinga dhidi ya vijidudu vya kifua kikuu huhitaji interferoni-gama ya kulinganishia. Karibu protini zote hizo leo hununuliwa zikiwa rekombinanti, yaani zimetengenezwa na kiumbe au seli iliyopandikizwa jeni ya binadamu. Hufika katika kichupa kidogo chenye mikrogramu 10 au 50 za unga mkavu ambao aghalabu hauonekani kwa macho, kiasi kwamba mwanafunzi anayekifungua kwa mara ya kwanza hudhani ameuziwa kichupa kitupu.

Makala hii imechochewa na sentensi inayojirudia, kwa sura mbalimbali, katika sehemu za mbinu za utafiti: seli ziliwekewa interleukini-2 rekombinanti ya binadamu, vizio 100 kwa mililita. Kwa msomaji wa haraka sentensi hiyo ni timilifu, kwani jina la protini lipo, na kiasi kipo. Itaonekana hapa chini kwamba ina maana zisizopungua tatu, na kwamba baina ya maana ndogo na maana kubwa kuna tofauti ya mara nane.

Kabla ya kuendelea, inafaa kuweka wazi istilahi mbili. Neno kingamwili limekwisha kuzoeleka kwa maana ya protini inayokinasa kijidudu au sehemu yake. Saitokini si kingamwili. Kingamwili hunasa, ilhali saitokini hupeleka habari, na mwandishi anayeyachanganya maneno haya mawili humwacha mtahini asijue ni kitu gani hasa kilichopimwa. Pili, neno utendaji linatumika hapa kwa maana finyu: ni athari inayopimika ambayo protini inailetea seli hai. Protini inaweza kuwepo kwa wingi wake wote na utendaji usiwepo.

2.0 Kutoka damu ya wachangiaji hadi bakteria

Mwaka 1957 Alick Isaacs na Jean Lindenmann, wakiwa London, waliripoti kwamba seli zilizokutanishwa na virusi vya mafua vilivyouawa hutoa kitu kinachozuia virusi vingine kukua. Wakakiita interferoni. Kwa zaidi ya miaka 20 baadaye, tatizo kubwa la somo hilo lilikuwa ni kukipata kitu chenyewe. Huko Helsinki, Kari Cantell aliandaa interferoni kutokana na chembechembe nyeupe za damu iliyochangwa na watu wa Finland, akizichokoza kwa virusi vya Sendai. Kazi hiyo ilihitaji damu nyingi mno, na kilichopatikana kilikuwa mchanganyiko ambamo interferoni yenyewe haikufika hata asilimia moja ya protini zote. Athari yoyote iliyoonekana kwa mgonjwa au kwenye seli ingeweza kudaiwa kuwa ya interferoni, na mpinzani angeweza kudai kwa haki ileile kwamba ilitokana na sehemu nyingine ya mchanganyiko.

Interleukini-2 ilipitia njia kama hiyo. Mwaka 1976 Doris Morgan, Francis Ruscetti na Robert Gallo wa Marekani walionesha kwamba kimiminika kilichokuziwa limfositi, baada ya limfositi hizo kuchochewa kwa protini itokanayo na maharage, kiliweza kuzifanya seli T za binadamu ziendelee kukua nje ya mwili. Kiini cha nguvu hiyo kilipewa majina tofauti na maabara tofauti kulingana na jaribio lililotumika, na ndiyo sababu wataalamu waliokutana Ermatingen, Uswisi, mwaka 1979 walikubaliana kutumia jina interleukini likifuatwa na namba. Makubaliano hayo yaliondoa utata wa jina. Utata wa kiasi, kama tutakavyoona, ulibaki.

Hatua iliyobadili hali ilikuwa ni kuhamisha jeni. Mwaka 1980 kundi la Charles Weissmann huko Zürich lilifanikiwa kuifanya bakteria Escherichia coli itengeneze interferoni-alfa ya binadamu, na mwaka 1983 Tadatsugu Taniguchi na wenzake nchini Japani walichapisha mfuatano wa jeni ya interleukini-2, walioupata katika seli za ukoo wa Jurkat. Kwa kawaida jeni ya binadamu haiwezi kuhamishiwa kwenye bakteria kama ilivyo. Ndani yake mna vipande visivyobeba maelekezo ya protini, ambavyo seli ya binadamu huvikata katika nakala ya RNA, na bakteria haina uwezo huo. Kwa hiyo watafiti huanzia kwenye RNA iliyokwisha kukatwa, huinakili kinyumenyume kuwa DNA kwa kutumia kimeng'enya cha virusi, kisha huipachika katika plazimidi, yaani duara dogo la DNA ambalo bakteria hulibeba na kulizidisha. Interleukini-2 inapotengenezwa katika seli ya binadamu huwa na asidi amino 153, na 20 za mwanzo hukatwa wakati protini inatolewa nje. Zinazobaki ni 133. Kwa sababu hiyo plazimidi huandaliwa ili bakteria itengeneze zile 133 tu, pamoja na methionini ya kuanzia ambayo mara nyingine huondolewa na mara nyingine hubaki.

3.0 Protini iliyotengenezwa si lazima iwe imekunjika

Bakteria inayolazimishwa kuzalisha protini ya kigeni kwa wingi huishia kuirundika ndani yake katika mabonge yasiyoyeyuka. Ndani ya mabonge hayo mfuatano wa asidi amino ni sahihi, lakini umbo si sahihi, na kipokezi cha seli hutambua umbo. Mzalishaji hana budi kuyayeyusha mabonge kwa kemikali kali zinazoikunjua protini kabisa, kisha kuziondoa kemikali hizo polepole ili protini ijikunje upya.

Kwa interleukini-2 ugumu unatokana na asidi amino tatu za sisteini, katika nafasi za 58, 105 na 125. Sisteini mbili zinapokaribiana huweza kuungana kwa daraja la salfa. Katika protini ya asili daraja huunganisha nafasi ya 58 na ya 105, na sisteini ya 125 hubaki huru. Katika chombo cha kukunjia protini, hata hivyo, kuna jozi tatu zinazowezekana, na ni moja tu iliyo sahihi. Aidha, sisteini iliyo huru inaweza kuungana na ile ya molekuli jirani, na protini zikashikamana mbilimbili au zaidi. Protini iliyounganishwa vibaya ina uzito uleule na ile iliyo sahihi. Mizani haizitofautishi.

Mwaka 1984 watafiti wa kampuni ya Cetus ya California walichapisha suluhisho lao: walibadili jeni ili mahali pa sisteini ya 125 pawe na serini, ambayo haina salfa. Jozi potofu zikakosa mshirika, na utendaji wa protini haukupungua. Protini iliyotokana na kazi hiyo, ambayo pia imeondolewa alanini ya kwanza na haina sukari, ndiyo baadaye iliyoitwa aldesleukini na kuidhinishwa nchini Marekani mwaka 1992 kwa tiba ya saratani ya figo iliyosambaa. Kwa mtafiti jambo la kuzingatia ni kwamba baadhi ya vichupa vya maabara vina mfuatano wa asili na vingine vina serini hiyo, ilhali vyote huitwa interleukini-2 ya binadamu. Katika majaribio mengi tofauti hiyo haina madhara. Katika utafiti wa umbo la protini au wa kingamwili zinazoilenga, inaweza kuwa ndiyo jambo lenyewe.

Suala la sukari linahitaji maneno machache. Seli ya binadamu huambatisha mnyororo wa sukari kwenye interleukini-2, katika asidi amino ya tatu, na bakteria haifanyi hivyo, lakini protini hufanya kazi bila sukari hiyo. Si saitokini zote zilizo jepesi namna hii. Interleukini-12 ina minyororo miwili tofauti ya protini inayopaswa kuunganishwa, na kwa kawaida hutengenezwa katika seli za wanyama au za wadudu. GM-CSF imetengenezwa katika bakteria na katika hamira, na ile ya hamira iitwayo sargramostimu ina asidi amino moja iliyo tofauti na ya asili katika nafasi ya 23. Chanzo cha uzalishaji, kwa hiyo, ni sehemu ya utambulisho wa protini.

4.0 Kizio kimoja, maana nyingi

Kwa kuwa uzito hauoneshi utendaji, wataalamu walitafuta namna ya kupima utendaji wenyewe. Kwa interleukini-2 njia iliyozoeleka ni kutumia seli za panya za ukoo wa CTLL-2, ambazo hufa zisipopata interleukini-2 na hugawanyika zikiipata. Protini huongezwa katika viwango vinavyopanda hatua kwa hatua, ukuaji wa seli hupimwa, na mkunjo huchorwa. Kiwango kinacholeta nusu ya ukuaji wa juu kabisa huitwa ED50.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Njia ya kwanza ni kulinganisha mkunjo huo na mkunjo wa kiwango rejea cha kimataifa, kilichowekwa chini ya Shirika la Afya Duniani na kutunzwa Uingereza. Kizio cha kimataifa hakifafanuliwi kwa uzito. Kinafafanuliwa kwa sehemu ya yaliyomo katika kichupa rejea, na maabara yoyote inaweza kupima protini yake sambamba nacho. Njia ya pili ni kugawanya milioni moja kwa ED50 iliyopatikana, ikiwa katika nanogramu kwa mililita, na jibu kuitwa vizio kwa miligramu. ED50 ya nanogramu 0.1 hutoa vizio milioni 10 kwa miligramu, na ya nanogramu 0.5 hutoa vizio milioni 2. Hesabu ni sahihi, ila kizio chake ni cha maabara ile, kwa seli zile, katika wiki ile. Seli zilizokuzwa kwa miezi mingi zinaweza kuitikia tofauti na zilizotolewa karibuni kwenye hifadhi ya baridi. Njia ya tatu ni ya kihistoria: kabla ya kiwango cha kimataifa kukubalika, wazalishaji walikuwa na vizio vyao, na makala nyingi za miaka ya 1980 zinazonukuliwa hadi leo zimetumia vizio vya Cetus, ambavyo kila kimoja ni sawa na vizio 6 vya kimataifa.

Turudi kwenye vizio 100 kwa mililita. Kama ni vizio vya kimataifa na protini ni aldesleukini, ambayo maelezo yake rasmi yanasema vizio milioni 18 vina uzito wa miligramu 1.1, basi miligramu moja ina vizio milioni 16.4 hivi, na vizio 100 ni nanogramu 6.1. Kama ni vizio vya Cetus, ni takribani nanogramu 37. Kama vilikokotolewa kutokana na ED50 ya nanogramu 0.5, ni nanogramu 50. Mwanafunzi aliyenakili namba 100 kutoka makala moja na kununua kichupa kutoka kwa mzalishaji mwingine hajarudia jaribio la mtangulizi wake hata kidogo, ingawa namba katika tasnifu zao zinafanana.

Je, tofauti hiyo ina uzito wowote kwa seli? Jibu linategemea vipokezi. Kipokezi cha interleukini-2 hujengwa kwa minyororo mitatu: alfa, beta na gama. Seli iliyo na yote mitatu huishika interleukini-2 kwa nguvu kubwa, na nusu ya vipokezi vyake hujaa katika kiwango cha pikomola 10 hivi kwa lita. Seli iliyo na beta na gama tu huhitaji takribani nanomola moja, yaani mara 100 zaidi. Seli T dhibiti, ambazo kazi yake ni kuituliza kinga, hubeba minyororo yote mitatu wakati wote. Limfositi T zilizochochewa huipata pia kwa muda. Seli za NK zilizotulia pamoja na seli T za kumbukumbu za aina ya CD8, kwa sehemu kubwa, hutegemea beta na gama.

Uzito wa molekuli ya interleukini-2 ni daltoni 15,500 hivi. Nanogramu 6.1 kwa mililita ni sawa na nanomola 0.4, na nanogramu 50 ni sawa na nanomola 3.2. Katika kiwango cha kwanza vipokezi vyenye minyororo mitatu vimekwisha kujaa karibu vyote, ilhali vya minyororo miwili vimejaa kwa kiasi cha asilimia 28. Katika kiwango cha pili vya minyororo miwili vimejaa kwa asilimia 76. Hesabu hizi huchukulia kwamba hali imetulia, na tunajua kwamba seli hai huinywa interleukini-2 na kuipunguza kadiri saa zinavyopita. Kwa hiyo zisomwe kama makadirio. Hata hivyo mwelekeo wake hauna shaka. Maabara moja imekuza zaidi seli zenye mnyororo wa alfa, nyingine imezivuta kwa nguvu na seli za NK, na zote mbili zimeandika vizio 100.

Tofauti hii haikomei kwenye sahani za maabara. Mwaka 1985 Steven Rosenberg na wenzake waliripoti matumizi ya dozi kubwa za interleukini-2 ili kuichochea kinga ishambulie saratani. Mwaka 2011 ripoti mbili za kitabibu zilionesha kwamba dozi ndogo za protini hiyohiyo huongeza seli T dhibiti kwa wagonjwa ambao kinga yao ilikuwa ikiwadhuru. Protini ni moja. Kilichogeuza maana yake ni kiasi.

Ikumbukwe pia kwamba si kila matumizi ya protini rekombinanti hutegemea utendaji. Katika vipimo vya kifua kikuu vinavyopima interferoni-gama iliyotolewa na damu ya mgonjwa, interferoni-gama rekombinanti huwekwa kama kipimo cha kulinganishia, na kinachohitajika ni itambuliwe na kingamwili za kipimo hicho. Protini iliyopoteza utendaji wake kwa seli inaweza bado kutambuliwa na kingamwili. Kwa hiyo kichupa kilichothibitishwa kwa kazi ya kulinganishia hakijathibitishwa kwa kazi ya kuchochea seli, na kinyume chake ni hivyo pia.

5.0 Kile ambacho hakikuandikwa kwenye lebo

Utando wa nje wa Escherichia coli una lipopolisakaridi, ambayo hujulikana pia kama endotoksini. Monositi na makrofaji za binadamu zimeumbwa kuitambua kwa wepesi mkubwa, kwa kuwa kwao ni dalili ya uvamizi wa bakteria. Zinapoitambua hutoa saitokini, ikiwemo TNF. Tatizo kwa mtafiti liko wazi: protini iliyotengenezwa katika bakteria inaweza kubeba kiasi kidogo cha endotoksini, na endotoksini hiyo huzalisha matokeo yaleyale ambayo mtafiti alitarajia kutoka kwa protini.

Kipimo cha kawaida hutumia dondoo la seli za damu ya Limulus, mnyama wa baharini mwenye gamba gumu afananaye na kaa, ambayo huganda ikikutana na endotoksini. (Siku hizi kuna kipimo kinachotumia sehemu moja tu ya dondoo hilo, nayo imetengenezwa kwa njia rekombinanti.) Kizio kimoja cha endotoksini ni sawa na nanogramu 0.1 hivi ya lipopolisakaridi. Tuseme protini ina kizio kimoja kwa kila mikrogramu. Ikitumika kwa nanogramu 50 kwa mililita, seli hupata pikogramu 5 za endotoksini kwa mililita, kiasi ambacho kwa majaribio mengi hakina athari kubwa. Protini hiyohiyo ikitumika kwa mikrogramu 10 kwa mililita, seli hupata nanogramu moja, na kiasi hicho kinatosha kuzifanya monositi zitoe TNF kwa wingi. Kwa hiyo usemi kwamba kiwango cha endotoksini ni kidogo hauna maana mpaka kiwango cha protini kilichotumika kijulikane.

Mfano unaofaa kukumbukwa ni wa protini za mshtuko wa joto, Hsp60 na Hsp70. Mwishoni mwa karne iliyopita na mwanzoni mwa hii, maabara kadhaa ziliripoti kwamba protini hizi za binadamu, zikiwa rekombinanti, huchochea makrofaji kama saitokini zifanyavyo, tena kwa kupitia vipokezi vilevile vinavyoitambua endotoksini. Ulinganifu huo ulipaswa kuzua mashaka mapema zaidi, lakini ulijengewa nadharia nzima: kwamba mwili hutumia protini zake wenyewe kama ishara ya hatari. Mwaka 2003 Gao na Tsan walionesha kwamba Hsp70 na Hsp60 zilizosafishwa hadi zikawa na endotoksini kidogo sana hazikuzifanya makrofaji zitoe TNF, na kwamba athari iliyokuwa ikionekana ilitokana na uchafu wa lipopolisakaridi.

Haifai kudhani kwamba watafiti wa awali walikuwa wazembe. Wengi walifanya jaribio linganishi lililofundishwa kila mahali: waliichemsha protini. Ilifikiriwa kwamba protini huharibika kwa joto na endotoksini hustahimili, hivyo athari ikitoweka baada ya kuchemsha, ni ya protini. Tsan na Gao walieleza kwamba endotoksini nayo hupoteza nguvu ikichemshwa, hasa inapokuwa katika kiasi kidogo kama kile kilichokuwa kikichafua protini hizo. Jaribio la kuwathibitishia usalama ndilo lililowapoteza. Linalofaa zaidi ni kupima endotoksini moja kwa moja katika bechi iliyotumika, kisha kuziwekea seli za kundi linganishi kiasi kilekile cha lipopolisakaridi bila protini, na kuangalia kama zitaitikia.

6.0 Maswali ya mtahini

Yapo mambo mengine yanayostahili kuulizwa, ingawa hayahitaji maelezo marefu. Protini iliyo katika kiwango cha chini sana hunata kwenye plastiki, na kwa hiyo wazalishaji wengi huchanganya albumini ili iishikilie. Kwa anayekuza seli hilo ni msaada, ila kwa anayetaka kuambatisha rangi kwenye protini ni balaa, kwani sehemu kubwa ya rangi huishia kwenye albumini. Kuyeyusha na kugandisha mara kwa mara hupunguza utendaji bila kupunguza uzito, na maabara ambamo umeme hukatika usiku imefanya hivyo bila kukusudia. Spishi ya seli nayo ina neno: interleukini-2 ya binadamu huzichochea seli za panya vizuri, ndiyo maana CTLL-2 zinafaa kuipimia, lakini interferoni-gama ya binadamu haizichochei seli za panya. Tasnifu inayoripoti kwamba interferoni-gama ya binadamu haikuwa na athari kwa makrofaji za panya imeripoti jambo lililojulikana kabla haijaanza.

Katika kusoma tasnifu, mwandishi wa makala hii ameona kwamba majibu ya maswali haya mara nyingi yapo: yamo katika cheti cha uchambuzi kinachofuatana na kila bechi, ambacho mwanafunzi alikipokea, akakiweka katika faili la manunuzi, na hakukifikiria tena. Hata hivyo cheti nacho kisomwe kwa uangalifu. Kikisema ED50 ni chini ya nanogramu 0.5 kwa mililita, kimetaja mpaka tu, na thamani halisi inaweza kuwa 0.4 au 0.05. Mwanafunzi anayegeuza mpaka huo kuwa thamani kamili, kisha akaukokotolea vizio, amejenga usahihi usiokuwepo.

Sentensi ya mbinu inayomwezesha mtafiti mwingine kurudia kazi si ndefu kupita kiasi. Inaweza kuandikwa hivi: seli ziliwekewa interleukini-2 rekombinanti ya binadamu iliyozalishwa katika Escherichia coli, yenye serini katika nafasi ya 125 na isiyochanganywa na albumini, kwa kiwango cha nanogramu 6 kwa mililita, sawa na vizio vya kimataifa 98 kwa mililita kwa mujibu wa kipimo cha bechi hiyo kilicholinganishwa na kiwango rejea, endotoksini ya bechi ilikuwa chini ya kizio 0.1 kwa mikrogramu. Protini iliyeyushwa mara moja tu, na kiwango kilirejeshwa kwa kuongeza protini mpya kila baada ya siku mbili. Baada yake huja jina la mzalishaji, namba ya bidhaa na namba ya bechi. Pale ambapo mwanafunzi hana mojawapo ya taarifa hizi, aandike kwamba hana, na mtahini aanzie maswali yake hapo.